Mabati ya Amana

Duka langu liko Sumbawanga mjini, upande wa barabara ya kwenda Matai. Ukishuka stendi ukamuuliza mtu yeyote bati linauzwa wapi, atakuelekeza kwangu kabla hujamaliza swali. Hilo si la kujisifu, ni la kwenda kujaribu mwenyewe.

Shule niliishia darasa la saba. Kazi niliyoanza nayo ni kubeba bati, kutoka kwenye malori kuingiza kwenye stoo za watu wengine, na mwenye kuujua upepo wa Ufipa anaelewa kubeba bati kichwani maana yake nini. Baadaye nikawa fundi wa kuezeka. Nikiwa juu ya mapaa ya watu ndiko nilikoona kitu ambacho wenye maduka hawakukiona, kwa sababu wao walikuwa wanakaa chini. Niliona kuta. Kila kijiji kilikuwa na nyumba za tofali za kuchoma zimesimama bila paa, majani yameota ndani, na mwenye nyumba analala kwenye kibanda cha nyasi pembeni.

Mkulima wa kwetu anashika hela mara moja kwa mwaka, akishauza mahindi au ulezi. Hela hiyo ikifika inakuta ada, msiba na mbolea vimeshapanga foleni. Kinachobaki kinatosha bati moja, pengine mawili. Wenye maduka walikuwa wanamsubiri huyu mtu aje na hela ya paa zima. Wangesubiri mpaka kiama. Mimi nilipofungua duka nikatangaza kwamba nauza bati moja moja, na ulilonunua unaniachia. Nyumbani bati halikai. Jirani ataliazima afunikie tofali, shemeji ataliazima afunikie mbuzi, na shemeji hadaiwi. Kwangu linakaa stoo ya nyuma, limepigwa rangi alama yako. Wapo wanaochora msalaba, wapo wanaochora jembe. Bati lenye alama haliuzwi kwa mtu mwingine hata aje waziri.

Nilichogundua ni kwamba watu walikuwa wanakuja kuyaona. Siku ya mnada mtu ameshuka kwenye gari, hajaenda kumsalimia hata dada yake, anakuja kwanza stoo. Anayagonga kwa kidole, yanalia, anaondoka ameridhika. Na akirudi mwaka unaofuata haendi duka lingine, kwa sababu mabati yake yako kwangu. Wenzangu walisema nimegeuka mlinzi wa mali za watu. Wawili kati yao sasa wamefunga maduka.

Mauzo nilimpa mwanamke mmoja aliyekuwa anauza migebuka ya Kasanga pale sokoni. Nilimchukua kwa sababu siku moja nilipita kwake nimeshiba, sina haja ya samaki, nikaondoka na samaki watatu na ndoo. Mtu wa namna hiyo humfundishi, unamlipa. Anapata mshahara, na juu yake anapata fungu kwa kila bati linalotoka. Nilimpa pia ruhusa ya kuniambia hapana mbele ya wafanyakazi, ruhusa ambayo anaitumia zaidi ya nilivyokusudia.

Mambo yalikwenda hivyo miaka kadhaa, mpaka wanaonipatia mzigo kule Mbeya wakasema bati la migongo midogo halitakuja tena. Sasa yanakuja ya migongo mipana, mengine ya rangi. Asiyejua ataona ni jambo dogo. Lakini bati la mgongo mdogo halilali juu ya bati la mgongo mpana. Linaacha mwanya, na maji ya mvua hayahitaji kualikwa. Stoo yangu ya nyuma ilikuwa imejaa mabati ya migongo midogo ya watu ambao paa zao hazijatimia.

Wa kwanza kuja alikuwa mama mmoja, mjane, wa kijiji cha mbele ya Matai, mkulima wa ulezi. Alikuja mwezi wa kumi, mawingu yameshaanza kukusanyika. Alikuwa ameweka kwangu kidogo kidogo tangu nilipofungua duka, na safari hii aliuza ulezi wote ili amalizie. Alikuwa na sababu. Kibanda chake cha nyasi kilikuwa kimeegemea upande mmoja, na mvua ya mwaka ule kisingeipita. Alikodi kirikuu, kigari cha mizigo, akawaambia vijana watoe mabati yake nje, akayahesabu, kisha akaomba yaliyobaki. Mkuu wangu wa mauzo akamwonyesha yaliyopo.

Yule mama akaliinua moja, akalilinganisha na lake, akanitazama.

"Mwanangu, ulivyochukua hela yangu ulisema bati ni bati. Leo yamekuwa na makabila?"

Nikamwamkia tena, nikampa kiti, nikamweleza habari za Mbeya. Nikasema namrudishia hela yake yote ya miaka yote. Aliisikiliza hiyo ofa mpaka mwisho. Bei ilikuwa imepanda, na yeye alijua kama nilivyojua mimi kwamba hela ile sasa isingefika hata nusu ya paa.

"Hela yako nimeiona," akasema. "Kalale wewe chini yake mvua ikinyesha."

Kiti hakukitaka. Akaenda kukaa juu ya mabati yake, pale nje, kando ya barabara. Hakugomba. Kila mpita njia aliyemsalimia alisalimiwa, kwa Kifipa, salamu kamili ya watu wa nyumbani na mifugo, na akiulizwa anangoja nini, alieleza. Alieleza vizuri, bila kuongeza chumvi. Nimewahi kulipia matangazo redioni. Hayakuwahi kusikilizwa hivyo. Kufika saa sita hakuna aliyekuwa amenunua hata msumari, na dereva wa kirikuu alikuwa amelala.

Nilitaka kumbadilishia yote, nimpe mapya, nibaki na ya zamani. Mkuu wa mauzo akanivuta ndani.

"Bosi, ukimbadilishia huyu, kesho Kalambo nzima iko hapa na alama zao. Haya ya zamani utamuuzia nani? Kuku?"

Alikuwa sahihi. Kiongozi anayetoa kwa huruma siku ya kwanza, siku ya pili anatoa kwa woga, na siku ya tatu duka ni la watu. Lakini kutompa kitu kulikuwa kunaniua vilevile, na kulikuwa kunaniua hadharani. Nikatoka, nikaanza kuyatazama yale mabati aliyokalia. Hapo ndipo ufundi ulipozungumza, maana mwenye duka ambaye hajawahi kukaa juu ya kenchi na misumari mdomoni asingeona. Nyumba yake niliijua tangu nikiwa fundi. Ilikuwa ya mgongo wa tembo, paa linaloshuka pande mbili tu. Mabati aliyokuwa nayo yalitosha upande mmoja, na machache yakazidi.

Nikachukua boksi la misumari, nikalikunja katikati, nikaliweka mbele yake likasimama kama paa.

"Mama, mvua ikinyesha upande huu, maji yake yanakwenda upande ule?"

"Yapande juu yakatafute nini?"

"Basi upande huu weka yako. Upande ule weka haya mapya. Huku juu inakaa kofia ya kufunika maungio. Hayakutani popote."

Alilishika lile boksi akaligeuza, akaliangalia kwa ndani, kama kuna kitu nimekificha. Akasema watamcheka. Watasema paa la viraka, mjane ameokoteza. Dereva wa kirikuu, ambaye kumbe hakuwa amelala, akasema hata yeye angecheka.

Sasa nilikuwa na mabati mekundu yaliyokuwa yamekaa tangu Pasaka. Watu walikuwa wanayapenda kwa macho, lakini kila mmoja alikuwa anangoja mwingine aanze, ndivyo tulivyo huku. Nikasema upande mpya nampa mekundu kwa bei ya meupe. Yale yake yaliyozidi nayachukua mimi kwa bei ya leo, nakata humo humo. Akauliza mekundu yatatazama wapi. Nikasema popote atakapo. Akafikiri.

"Yatazame njia ya kanisani." Halafu akaongeza, "Na kofia iwe nyekundu."

Nikamwambia kofia analipia.

"Unamvalisha mtu shati jekundu, unamwacha kichwa wazi?"

Mkuu wa mauzo akageukia pembeni kucheka. Nikatoa kofia.

Sikutuma fundi, nilikwenda mwenyewe. Mtu wa mjini kama mimi, mwenye duka, kupanda juu ya paa la mjane wa kijijini na nyundo, ni jambo ambalo kijiji kinakuja kuliangalia, na kilikuja. Nilipigilia mpaka upande mwekundu ukaisha. Mikono ilikuwa haijasahau. Nikakagua kofia mara mbili, maana kama lingevuja hata tone, habari ingefika Sumbawanga kabla yangu.

Mvua ilinyesha wiki iliyofuata, kubwa, na ya upepo. Mjini nililala nikiisikia juu ya paa langu. Sikupiga simu kuuliza. Nilijiambia nasubiri siku ya mnada.

Siku ya mnada alikuja, na nyuma yake majirani zake wanne, wanawake watu wazima, wamejifunga vitenge na masweta. Wawili kati yao walikuwa na mabati ya migongo midogo kwenye stoo yangu. Nikamwamkia, nikamuuliza habari za mvua. Akasema amelala pakavu, mpaka usiku aliamka akatoka nje kuhakikisha kama kweli inanyesha. Kisha akawageukia wenzake, akaninyooshea kidole.

"Huyu kijana alikuwa amekwama na bati zake, hajui afanye nini. Nikakaa naye pale nje, nikamwelekeza. Nikamwambia paa lina pande mbili. Akaelewa haraka, si mbishi."

Wale wanawake wakanitazama kwa huruma kidogo, kama mtu aliyesaidiwa. Nilifungua mdomo. Mkuu wangu wa mauzo alikuwa ameshasimama mlangoni pa stoo, ananitazama mimi, si wao, na mmoja wa wale wanawake alikuwa ameanza kumuuliza yule mama kama mekundu yapo bado, na kama kofia ni ya bure kwa kila mtu au ni yeye tu aliyejua namna ya kuiomba.

"Yapo," nikasema. Nikatoa funguo, nikafungua stoo.