Karatasi Nyeupe ya Umraomal

Zamani, katika Soko la Johari la Jaipur, jiwe lilitoka dukani limekunjwa katika karatasi nyeupe isiyo na neno hata moja na mwenye duka akalala usingizi wake. Siku hizi karatasi imejaa mihuri na nambari, na jiwe lenyewe hakuna anayelitazama.

Devkinandan aliijua karatasi kuliko watu wengi wa mtaa wake. Miaka thelathini na moja alipanga herufi za risasi katika kiwanda cha uchapaji karibu na Lango la Chandpol, herufi moja moja, kichwa chini miguu juu. Shule aliiacha darasa la nne. Mengine yote aliyasoma kwa vidole: vitabu vya sheria, vya dawa, kadi za harusi, matangazo ya minada. Alikuwa na kasoro moja, na hakuijua mpaka ilipomwumbua. Kitu kikishachapwa, alikiamini.

Mwaka ule mwanawe Mukund alikuwa na miaka kumi na tisa. Alishindwa mtihani mara mbili, akaugua ugonjwa wa manjano, akapona, kisha usingizi ukamhama kabisa. Akawa anakonda huku watu wakimtazama. Sarju, mama yake, akampeleka kwa mnajimu. Mnajimu akafungua vitabu vyake, akasema kijana amekaliwa na sayari ya Zohali, na dawa yake ni yakuti ya buluu yenye uzito wa punje tano, ivaliwe kidole cha kati cha mkono wa kulia, siku ya Jumamosi. Kisha akaandika jina la duka kwenye kipande cha karatasi.

"Nendeni hapa. Mwambieni ni mimi niliyewatuma."

Walipofika nje, Devkinandan alikichukua kile kipande akakichana.

"Sasa mbona unachana?" Sarju aliuliza.

"Mnajimu anayekuonyesha duka ana sehemu yake ndani ya bei, Mama Mukund."

"Haya, mjuaji. Litafute wewe hilo duka."

Kazi ilikuwa hapo. Yakuti ya buluu si lulu wala marijani. Watu wa Jaipur husema hilo ndilo jiwe lisilosubiri: likimkubali mtu humwinua ndani ya siku tatu, likimkataa humwangusha ndani ya siku hizo hizo. Kwa hiyo ilikuwa desturi mteja alichukue nyumbani kabla ya kulipa, alifunge katika kitambaa cha buluu, na mwenye shida alilalie siku tatu. Akiota ndoto mbaya, akipata homa, hata kikombe kikivunjika jikoni, jiwe linarudishwa na hakuna anayeuliza neno. Hakukuwa na hati wala amana. Duka lisilotoa siku tatu halikuhesabiwa kuwa duka la yakuti.

Devkinandan alitumia wiki tatu kuulizauliza. Hakuuliza nani anauza vizuri, maana hilo kila mtu ana binamu yake wa kumsifu. Aliuliza nani amewahi kukataa kuuza. Kwa kinyozi, kwa muuza maziwa, kwa sonara aliyemtengenezea Sarju vipini, jina lilikuwa moja: Umraomal, yule mfuasi wa dini ya Kijaini wa ghorofani, aliyemrudisha mke wa wakili mmoja na pesa zake mkononi kwa kuwa jiwe alilolitaka lilikuwa na ufa, na lisilo na ufa hakuwa nalo.

Duka halikuwa na ubao. Ulipanda ngazi za mawe, ukavua viatu, ukaingia chumba chenye godoro lililotandikwa shuka jeupe na dirisha moja la upande wa kaskazini. Umraomal alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mwembamba, anayetafuna karafuu.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna, Tajiri. Nimetafuta mwenyewe."

"Muda gani?"

"Wiki tatu."

"Basi huumwi sana. Wanaoumwa hutafuta siku moja."

"Anayeumwa ni mwanangu. Hapati usingizi."

Umraomal aliacha kutafuna. Alifungua karatasi moja, akaifunga, akafungua nyingine, akampa lenzi.

"Unaona nini?"

"Buluu."

"Hata kipofu angesema hivyo. Tazama pembeni, kwa chini."

Ndani ya jiwe, karibu na ukingo, palikuwa na mstari mwembamba uliogawanyika mara tatu, kama mguu wa njiwa.

"Hilo ni kovu lake," Umraomal alisema. "Lisilo na kovu mara nyingi limezaliwa kiwandani. Likumbuke, kwa sababu mimi siandiki."

Wateja wengine wawili walikuwa wamekaa pale, kwa hiyo bei haikutamkwa. Umraomal alitandaza leso juu ya mikono yao miwili, akambonyeza vidole chini yake, kama wafanyavyo watu wa soko lile. Devkinandan alihesabu ile mibonyezo. Ilikuwa sawa na bangili zote za Sarju, alizopewa na mama yake. Umraomal akalikunja jiwe katika karatasi nyeupe, akampa aende nalo siku tatu.

"Huniulizi ninakaa wapi?"

"Nikijua nitataka kuja kukuchungulia. Nina magoti mabovu, Fundi," Umraomal alisema, akivitazama vidole vyake vyenye wino.

"Na nisipolirudisha?"

"Nitakuwa nimejifunza kitu nilichokuwa sikijui."

Usiku wa kwanza Mukund alilala. Usiku wa pili alilala mpaka muuza maziwa akapita, akaamka akaomba chapati za uwele, akala tatu na bakuli la mtindi. Sarju alimtazama akila. Halafu akavua bangili zake, akaziweka mbele ya mumewe.

"Leo, Baba Mukund. Kabla jiwe halijabadili nia."

Devkinandan aliziangalia zile bangili na hofu ikamwingia. Mtoto alilala, sawa. Lakini mtoto aliyechoka hulala hata juu ya kokoto. Kama lile lilikuwa kioo, mkewe angebaki na mikono mitupu kwa ajili ya kipande cha chupa. Akakumbuka duka jipya la barabara kuu, lenye milango ya vioo na mashine iliyotoka ng'ambo. Hati za duka lile zilichapwa kiwandani kwao. Alikuwa amezipanga yeye mwenyewe, kwa herufi nzuri kuliko zote alizokuwa nazo, na urembo pembeni: UTHIBITISHO WA KISAYANSI.

Siku ya tatu asubuhi akaenda huko. Kijana mwenye tai alipokea kile kikaratasi cheupe kwa ncha za vidole.

"Tuachie saa moja, mzee. Mashine haipendi kutazamwa."

"Mzee ni baba yako. Nitasubiri hapa."

"Sheria, mjomba. Weka sahihi: jiwe moja la buluu."

Akaweka sahihi. Alikunywa chai mbili upande wa pili wa barabara. Aliporudi alipewa jiwe lake na hati, na chini ya ule urembo paliandikwa: kioo. Jiwe hakulitazama. Alisoma hati mara tatu, akaona hata herufi moja iliyoinama, ambayo yeye mwenyewe alisahau kuinyoosha.

Alizipanda ngazi za Umraomal na viatu vyake miguuni. Wateja wanne walikuwa wamekaa.

"Mwizi," alisema. "Umempa mwanangu chupa alalie."

Umraomal hakupandisha sauti. Aliikunjua karatasi nyeupe, akaweka lenzi jichoni, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Kisha akamnyooshea lenzi.

"Nitafutie njiwa."

Devkinandan alitafuta pembeni, chini, akaligeuza, akatafuta tena. Ndani mlikuwa safi kama maji ya birika. Hapakuwa na mguu wa njiwa wala wa kitu chochote.

"Limepitia wapi?"

Akamwambia. Mmoja wa wateja alikohoa. Umraomal aliichukua ile hati, akaitazama mbele na nyuma, akamrudishia.

"Maandishi mazuri," alisema.

"Nimeyapanga mimi."

"Basi unafanya kazi vizuri. Vaa viatu vyako huko nje, Fundi, na mara nyingine uvivue."

Alirudi mbio barabara kuu. Kijana mwenye tai alifungua daftari lake bila haraka. Jiwe moja la buluu, limepokewa. Jiwe moja la buluu, limerudishwa. Sahihi yako hii hapa, mjomba. Twende polisi? Twende, na hati yako uibebe.

Jioni alimweleza Sarju yote. Alingoja aondolewe heshima pale pale. Sarju alizifunga bangili katika kitambaa kile kile cha buluu akamsukumia.

"Peleka. Mali ya mtu ni mali ya mtu. Ila usinisemeshe wiki hii."

Kesho yake alivua viatu ngazi ya chini kabisa. Alikiweka kile kifurushi kwenye shuka jeupe, akakifungua, bangili zikaonekana. Umraomal hakuzigusa. Alichukua leso, akaitandaza juu ya mikono yao, na Devkinandan akangoja kubonyezwa vidole. Hakubonyezwa. Chini ya leso palikuwa na ngumi tu, iliyofumbwa, haikutoa kidole hata kimoja.

"Hiyo si bei, Tajiri."

"Ndiyo yangu. Hizo ni za mama wa mtoto. Kijana alilala jana?"

"Hakulala."

"Basi mpeleke hospitali."

Walimpeleka. Alipewa vidonge, akavinywa mwaka mzima, akapata usingizi wake, baadaye akapata kazi ya reli katika mji wa Kota. Sarju mpaka anakufa alisema ni zile siku mbili za jiwe zilizomfungulia njia. Devkinandan hakubishana naye. Hakuwa na haki ya kubishana juu ya jiwe lile.

Mwezi haukupita, habari ikaenea kwamba Umraomal hatoi tena siku tatu. Maduka mengine yakasema, ikiwa Umraomal hatoi, sisi ni nani? Hivyo desturi iliyodumu tangu babu za babu zao ikaisha katika msimu mmoja, wala haikupigiwa mbiu. Umraomal hakumtaja mtu. Devkinandan alizisikia habari akiwa kwenye kiti cha kinyozi, povu mashavuni.

"Kuna mshenzi mmoja alimbadilishia jiwe," kinyozi alisema. "Mtu mwema kama yule! Huyo mshenzi ningemjua ningemnyoa bila maji."

Devkinandan aliinua kidevu, wembe ukiwa kooni.

Miaka kumi na miwili baadaye kiwanda cha uchapaji kilikuwa kimefungwa. Herufi zake ziliuzwa kwa kilo, zikayeyushwa. Mukund aliandika kutoka Kota kwamba binti yake mdogo analialia bila sababu, na mnajimu wa huko amesema avalishwe lulu. Devkinandan alilizunguka soko lote. Kila duka lilikuwa na hati, na zote hakuziamini, yeye aliyekuwa akiamini kila kilichochapwa. Mwisho alijikuta kwenye zile ngazi za mawe. Akavua viatu.

Umraomal alikuwa amezeeka. Macho yake yalikuwa na ukungu, lakini Devkinandan alipomsalimu, sauti aliijua.

"Fundi. Mwanao?"

"Hajambo. Ana mtoto. Nataka lulu ndogo."

Umraomal alitafuta kwa vidole, akatoa moja, ya bei ambayo hata mwalimu wa shule angeimudu. Devkinandan aliweka pesa zote palepale, akanyoosha mkono achukue.

"Ngoja," alisema Umraomal.

Alivuta daftari kutoka chini ya godoro. Kalamu aliishika kama mtu anayeshika kijiko cha dawa. Aliinama mpaka pua ikakaribia karatasi, akaanza kuandika, polepole, herufi mbaya zisizokaa mstarini: lulu moja, nyeupe.

"Tajiri, hii ni lulu tu. Na nimeshalipa. Usiandike."

"Ni utaratibu, Fundi. Kwa wote."

Akaligeuza daftari, akamwonyesha mahali pa kuweka sahihi. Devkinandan akaweka. Alipofika mlangoni aligeuka, akamwona bado ameinama, akipuliza wino ukauke. Hakumwona tena.