Mzizi Ambao Haukutajwa

Naogopa vitu vingi, na umri haujanipunguzia hata kimoja. Naogopa mbwa, naogopa madaraja ya miti, naogopa dereva wa boda boda anayeongea na simu kwenye kona. Lakini woga ninaotaka kuueleza hapa ni wa asubuhi moja kule juu milimani Mahango, nilipokuwa nimesimama nyuma ya shangazi yangu nikitazama kikapu chake kikipekuliwa na askari wa hifadhi.

Shangazi ni dada mkubwa wa marehemu baba. Analima kahawa na maharage kwenye mteremko ambao mimi siwezi hata kuukalia bila kushika kitu, na wanawake wa upande ule humjia kwa dawa. Baadhi ya dawa zake ameziotesha nyuma ya jiko. Nyingine hazikubali kuota popote isipokuwa juu, katika msitu ambao kwa babu yake ulikuwa ua wa nyuma ya nyumba, na ambao siku hizi ni hifadhi ya serikali. Ili waingie, wanawake wameunda kikundi, na kikundi kina mkataba na hifadhi. Siku zilizopangwa, wenye kadi wanapanda na kuchukua mimea iliyoandikwa kwenye orodha. Anayekutwa na mmea usioandikwa anashtakiwa, na njia inafungwa kwa kikundi chote. Jela watu wetu wanaifahamu na wanaweza kuisimulia wakicheka. Kuishi na majirani ambao umewafungia msitu ni jambo ambalo sijamsikia mtu akilichekea.

Mimea iliandikwa kwa mikutano miwili. Katika ule wa kwanza maofisa wa hifadhi walikaa kwenye mabenchi ya kanisa, wakawaomba waganga wataje wanachotumia. Wakataja. Walitaja pia mti mmoja ambao gome lake huchemshwa kwa ajili ya tumbo. Haukupita muda, wanunuzi wakapanda kutoka bondeni wakiuliza mti huo kwa jina, na mpaka leo hakuna anayejua nani aliwaambia. Miti ilichunwa gome pande zote, ikabaki imesimama mikavu kama watu waliovuliwa nguo. Magunia ya gome niliyaona kwa macho yangu kwenye soko la mpakani, Mpondwe, yakipakiwa kwenye lori katikati ya vitunguu na madumu ya plastiki. Kwa hiyo maofisa waliporudi mara ya pili kuuliza mimea iliyosalia, shangazi na bibi wengine wawili walitazamana, kisha wakanyamaza kuhusu mzizi mmoja. Ndio walioutegemea kuliko yote. Wakauficha usiibwe, na kwa kuuficha wakajigeuza wao wenyewe kuwa wezi wake.

Hayo yote sikuyajua. Nilikuwa mtaalamu, nikifundisha mjini Kasese. Nilikuwa nimezungumza kwenye kumbi za hoteli kuhusu haki za wenyeji juu ya maarifa ya mimea yao, nikiwa na chupa ya maji mbele yangu na picha za majani ukutani, mpaka siku moja mama mmoja aliyekuwa katika wasikilizaji akaniuliza kwa upole mara ya mwisho nilipanda lini kule juu. Nikajibu kwa maneno mengi. Jioni ile nikampigia shangazi simu kuomba anichukue. Alicheka kwa muda mrefu, akaniambia nije na gambuti. Nilikuja na viatu vipya vya Kasese, ambavyo muuzaji aliniapia kwamba havitelezi.

Vilianza kuteleza kabla hatujafika mpaka wa hifadhi. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mikaratusi, na mbele yangu niliona tu kisigino cha shangazi na kitako cha kikapu. Alichukua majani haya na yale, akinionyesha kila moja kwenye nakala ya orodha aliyoikunja ndani ya kitambaa. Kisha akaacha njia. Alipiga magoti kando ya mmea ambao mimi ningeukanyaga bila kuuona, akachimba upande mmoja tu, akakata vipande virefu, vyembamba vya mzizi, uliobaki akauacha ardhini, akarudisha udongo na kuukandamiza polepole kwa mkono.

Akaniambia jina lake. Akaniambia pia kwamba haumo kwenye karatasi.

Nilihisi baridi ikipanda kutoka kwenye vile viatu. Akaendelea kunifundisha kana kwamba sikutikisika: unakaushwa juu ya moshi, unachemshwa mara mbili, maji ya kwanza yanamwagwa mbali na kuku. Ukiwa mbichi usilambe hata kidole. Kuna mbuzi wake aliwahi kuutafuna, akalala ubavu na hakuinuka tena.

Nikamhutubia. Nilimweleza kwamba siku hizi kuna njia ya kuusajili mzizi kama huo kuwa mali ya jamii, ili mtu mwingine asiuchukue bila idhini.

“Kuusajili ni kuutaja?” aliuliza.

“Ndiyo, shangazi.”

“Kwa nani?”

“Kwa ofisi.”

“Na hiyo ofisi ina watu ndani?”

Nilikubali kwamba ina watu. Akafuta kisu chake kwenye majani kana kwamba mazungumzo yamekwisha. Lakini sikukosea kila kitu siku ile. Nilimkumbusha kwamba wanaoujua ni watatu, wote wazee, na mmoja wao tayari anawachanganya hata wajukuu wake. Nikamuuliza mzizi utakuwa wa nani wakishaondoka wote. Alikandamiza ule udongo mara nyingine, ingawa ulikuwa umekwisha kukaa sawa.

Tulimkuta askari njiani tukishuka, mahali ambapo siku zote hapakai askari. Alikuwa mgeni, kijana kutoka upande mwingine wa nchi, bunduki begani. Katika milima yetu, kwa vita vilivyopita, mtu akikuta bunduki kwenye ukungu magoti yake huamua kabla ya kichwa. Aliamuru kikapu kiwekwe chini, akachuchumaa, akaanza kulinganisha jani moja moja na karatasi yake, bila haraka, kama mwanafunzi mzuri. Mwisho akainua mzizi.

“Hii ni nini?”

Kiswahili cha shangazi ni cha soko la Bwera, alichojifunza kwa wanawake wa Kongo aliokuwa akiwauzia maharage. “Iko chakula, afande,” alisema. “Tunakulaka.”

“Haiko kwa karatasi.”

“Hata muhogo haiko kwa karatasi.”

Hakucheka. Aliugeuza mzizi, akaunusa, akamtazama shangazi usoni kwa muda. Kisha akamnyooshea.

“Kula.”

Nilikuwa na neno moja tu la kumzuia asile, nalo lilikuwa la kweli: ni dawa. Lakini nikilisema, neno la pili lingekuwa dawa gani, na la tatu lingekuwa jina. Nilifungua mdomo. Shangazi, bila kugeuka, alinikanyaga mguu. Akaupangusa mzizi kwenye sketi yake, akaukata kwa meno ya pembeni, akatafuna huku akimtazama yule kijana kama mtu anayekula gulioni akisubiri chenji. Nilimwona akimeza. Nilimwona yule mbuzi.

“Na wewe, mzee? Wewe pia unakula?”

“Huyu ni mutoto ya kaka yangu,” shangazi akamjibu. “Anakulaka tangu mudogo.” Akanipa kilichobaki.

Niliuma. Mwanzoni ulikuwa na ladha ya udongo, halafu ya sabuni, kisha hapakuwa na ladha wala ulimi. Askari akaniuliza nafanya kazi gani. Nilisema nafundisha, Kasese, na sauti ikatoka kama ya mtu aliyetoka kung'olewa jino. Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akabaki miguuni. Nadhani viatu ndivyo vilivyotuokoa. Hakuna mwizi wa msitu ambaye angekuja amevaa vile.

Alirudisha kila kitu kikapuni. “Nenda,” alisema. “Lakini hii chakula yenu, ambia mkubwa wa kikundi aweke kwa karatasi. Nikiona tena bila karatasi, nafunga njia.”

Tulitembea taratibu mpaka kona. Baada ya kona shangazi alinishika shingo, akanitia vidole kooni kama mtoto aliyemeza kifungo, kisha akajifanyia mwenyewe. Tulitapika pale kwenye kijito, kila mtu kwenye jiwe lake. Mimi nilipata nafuu mapema, maana nilikuwa nimeuma kwa woga, kipande kidogo. Yeye aliuma ili aaminiwe. Midomo yake ilibadilika rangi. Alikaa chini, akaegemea ukingo, mkono wake ukiwa wa baridi ndani ya mkono wangu, na simu yangu haikuwa na mtandao.

“Mwanangu,” alisema, “nikilala hapa, unajua kuukausha?”

Nikamwambia juu ya moshi. Kuuchemsha mara mbili. Maji ya kwanza mbali na kuku.

“Jina?”

Nikalitaja.

“Punguza sauti,” alisema, akitazama njia.

Hakulala pale. Jua lilipotoboa ukungu alisimama, akakataa kuegemea bega langu, na jioni alikuwa jikoni akiwaambia majirani jinsi nilivyotembea kama kuku aliyevaa soksi. Lakini tangu siku hiyo hajatoka nje ya njia. Vipande vilivyo juu ya moshi vinapungua, na wanawake bado wanakuja. Nilikwenda kwenye ofisi moja Kasese. Karani alikuwa mstaarabu kabisa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia atahitaji jina na sampuli. Nikamuuliza kama mmea unaweza kulindwa bila kutajwa. Alinionea huruma, nikaona wazi.

Shangazi hunipigia simu kuuliza kama nimeipata ile ofisi isiyo na watu. Namwambia bado. Hasemi kama atautaja kwenye mkutano ujao wala kama hatautaja, nami nimeacha kumshauri. Sasa tunaoujua tuko wanne. Homa ikinipanda namwomba mke wangu asiruhusu wageni chumbani, nisije nikaropoka. Hata katika kurasa hizi majani nimeyaficha na ladha nimeibadilisha kidogo.

Nikienda Bwera kumwona mama, hupitia Mpondwe, kwenye malori. Nazunguka magunia kama mnunuzi na kuyabonyeza kwa kidole. Safari iliyopita mpagazi mmoja aliniuliza, “Mzee, unatafuta nini?” Nikamwambia vitunguu, akanifungulia gunia la vitunguu. Lililokuwa kando yake lilikuwa limeshonwa mdomo. Nilikuwa nimelibonyeza kabla hajaja, na ndani yake mlikuwa na vitu vigumu, virefu, vyembamba. Inaweza kuwa mihogo mikavu. Nililipia vitunguu, nikaondoka bila kuuliza.