Salamu za Raundi

Nilikaribia kufa kwa adabu njema, na mpaka leo sitaki mtu aniambie kwamba ilikuwa mipango ya Mungu. Mipango ya Mungu siijui. Ninachojua ni kwamba kila asubuhi watu waliosomea kazi yao walisimama miguuni pa kitanda changu, wakanisalimia vizuri, nikawajibu vizuri, wakaenda zao. Wakati huo utumbo ulikuwa unavuja tumboni mwangu.

Anayenifahamu atacheka. Nina mashine ya kukamua alizeti kule Kizota, na hakuna mtu Kizota atakayekwambia kwamba mimi ni mpole. Mkulima akiniletea gunia lenye kokoto chini, nalimwaga lote mbele ya wenzake. Fundi akinifungia beringi iliyochoka, ataisikia sauti yangu kabla hajafika getini. Kwa hiyo watu huniuliza: wewe, na mdomo wako huo, ilikuwaje ukanyamaza? Swali hilo linanikera kuliko yote, kwa sababu sikunyamaza. Nilijibu kila nilipoulizwa.

Ugonjwa wenyewe ulianza kama mambo mengine yanavyoanza. Tumbo lilinikata upande wa kulia nikiwa kazini, nikanywa maji ya moto, nikameza vidonge vya duka la dawa, nikaendelea kugombana na watu. Nilipofikishwa hospitali, moja ya hapa mjini ambayo sitaitaja, kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka. Walinifanyia upasuaji siku hiyohiyo, na kwa hilo nawashukuru bila kinyongo. Manesi walikimbia, damu ilipatikana, hakuna aliyenizungusha. Hasira yangu haianzii hapo. Inaanzia asubuhi iliyofuata, nilipofumbua macho wodini na kumkuta shangazi yangu ameketi pembeni ya kitanda.

Shangazi ni dada mkubwa wa marehemu baba, na ndiye aliyenilea. Sisi ni wa zile familia za mjini ambazo mababu zao walifika na misafara ya biashara, wakaona hapa panafaa, wakabaki. Shangazi anautunza ujini huo, samahani, umjini huo, kwa ubani, kwa kanga zilizopigwa pasi, na zaidi ya yote kwa salamu. Kwake yeye asiyejua kusalimia hakulelewa, hata awe na shahada tatu ukutani. Utotoni nilichapwa kwa salamu mara nyingi kuliko nilivyochapwa kwa kuvunja vyombo. Nilifundishwa kwamba ukiulizwa hali, jibu la kwanza ni nzuri. Umefiwa, unajibu nzuri. Paa limeezuliwa na upepo, unajibu nzuri. Unamshukuru Mungu, unamuuliza mwenzako ya kwake, halafu ndipo unasema "lakini", na baada ya hiyo lakini ndiyo habari yenyewe inakuja.

Wala si sisi wa mjini tu. Nenda Bahi, nenda Kondoa, ingia nyumba yoyote yenye mgonjwa au yenye njaa, uulize habari. Utaambiwa nzuri. Ukiwa mtu mzima unavuta kigoda, unakaa, unangoja.

Sasa raundi. Walikuja saa za asubuhi, kundi zima la makoti meupe, mbele yao daktari kijana mwenye sura nzuri na viatu vinavyong'aa, nyuma yake wanafunzi. Akanipa shikamoo, maana umri wangu ni wa mama yake. Nikamjibu marahaba. Akaniuliza naendeleaje. Nikasema namshukuru Mungu. Shangazi akadakia, akasema hajambo sana, baba, afadhali ya jana. Daktari akasema vizuri, akawaambia wanafunzi maneno machache ya Kiingereza, kwamba nimetulia na dawa ziendelee zilezile. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa navuta pumzi niseme lakini. Nilipoifikia ile lakini yangu, alikuwa ameshanipa mgongo, anampa shikamoo mgonjwa wa kitanda cha pili.

Siku ile sikukasirika. Nilidhani ana haraka. Kesho yake ikawa hivyohivyo, shikamoo, marahaba, namshukuru Mungu, vizuri, na mgongo. Hakugusa tumbo. Hakufunua bandeji. Tumbo lilikuwa limeanza kujaa na kukaza, homa inapanda na kushuka, na nikijaribu kugeuka nilihisi kitu cha moto kinatiririka ndani. Yote hayo yalikuwa nyuma ya ile lakini.

Hapo ndipo ninapotaka kumshika mtu shati. Yule kijana ana mama. Nina hakika akimpigia simu mama yake huko kwao anaambiwa salama, wote wazima, na yeye hakati simu. Anangoja, kwa sababu anajua kwamba baada ya salama ataambiwa ng'ombe wamekufa, au bati limetoboka, au mama mwenyewe hajalala kwa mguu. Amezaliwa na kukulia ndani ya salamu hizihizi. Angekuwa mgeni kutoka nchi ya mbali ningemsamehe. Lakini huyu alijua vizuri kabisa kwamba "namshukuru Mungu" si jibu la ugonjwa, na bado alilichukua, kwa sababu lilimrahisishia kazi.

Nilimwambia nesi wa asubuhi kwamba sijisikii sawa. Alikuwa peke yake na wodi iliyojaa, huku dripu imeisha, kule mtu anatapika. Akaniambia maumivu ya mshono ni ya kawaida, nimweleze daktari kwenye raundi. Nikamwambia daktari hangoji. Akacheka kwa uchovu, akasema daktari hamngoji hata yeye.

Nikamwambia shangazi. Huko ndiko nilikopata pigo, kwa sababu nilimtegemea. Alinifuta jasho, akanivuta kanga vizuri, akaniambia nisijitabirie mabaya, mgonjwa anayesema vibaya anajiombea vibaya. Mchana walipokuja majirani zetu wa mtaa wa Kikuyu na chupa zao za uji, yeye ndiye aliyewajibu. Hajambo, alisema, jana alikuwa hivi, leo afadhali, kesho kutwa mtamwona nyumbani. Wakafurahi, wakanipa pole kwa sauti za watu wanaoaga. Mimi nimelala pale na tumbo gumu kama ngoma, nasikiliza habari za kupona kwangu. Nilimpenda shangazi na nilitamani kumrushia kikombe.

Kitanda cha mbele yangu alilala mama mmoja wa Chemba, mkulima, mtu mzima wa makamo ya shangazi. Yeye na binti yake walizungumza lugha yao, ile yenye sauti za ulimi kugonga kinywani, na mchana kutwa niliona jinsi alivyokuwa akimweleza binti yake mambo, akionyesha nyonga, akionyesha mgongo, akikunja uso. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu na cha sokoni. Raundi ikifika akiulizwa hali anasema nzuri, akiulizwa tena anasema nzuri, na binti ananyamaza kwa heshima ya makoti. Wanapita. Nilipoona hayo nikaelewa kwamba yaliyonipata si bahati mbaya. Ndivyo wodi nzima ilivyokuwa inaendeshwa. Tulikuwa tumelala mstari mzima wa watu wanaosema nzuri, na wengine miongoni mwetu tulikuwa tunakufa.

Nikaamua. Nilikuwa siwezi hata kunyanyua kichwa, lakini niliamua kwamba asubuhi itakayofuata sitaitikia salamu. Mtu ambaye hakulelewa kama mimi ataona ni jambo dogo. Mimi katika maisha yangu nimewatukana watu, nimewafukuza, nimewapeleka polisi, lakini hakuna hata mmoja ambaye aliwahi kunipa shikamoo nikamwacha nayo mkononi.

Wakaja. Daktari akasimama palepale.

"Shikamoo mama."

Sikuitikia. Akadhani sijasikia, akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Nikamtazama tu. Niliona mkono wa shangazi umeganda juu ya kanga aliyokuwa anaikunja. Wanafunzi wakatazamana. Mama wa Chemba akageuza shingo.

"Usinisalimie," nikamwambia. "Tumbo langu limeharibika. Weka mkono hapa."

Kwa kitambo kidogo nilidhani nimeshinda. Alisogea hatua, mkono wake ukatoka mfukoni. Kisha shangazi akasimama, akajiweka kati yetu, akaongea kwa ile sauti yake ya kupokelea wageni.

"Msamehe, baba. Ni homa hiyo inamsemesha. Sivyo alivyolelewa huyu."

Basi yule kijana akashusha pumzi, akatabasamu. Alikuwa amepata mtu wa kuzungumza naye. Akamwambia shangazi asijali, wagonjwa huwa hivyo, akamwagiza mwanafunzi aandike dawa ya homa, akanipa pole, akapita. Mara moja tu nilisema kweli bila kuitanguliza nzuri, na kweli hiyo ikahesabiwa kuwa dalili ya homa. Shangazi aliaminiwa kwa sababu alikuwa na adabu. Nililia kwa hasira, machozi yakaingia masikioni, na shangazi akanifuta akiamini ni maumivu.

Mchana nesi alikuja kubadilisha bandeji. Alipoivuta, kidonda kikatema maji ya rangi ya majani, na harufu iliyotoka si ya usaha, ilikuwa harufu ya choo. Shangazi alifunika pua kwa mtandio. Nesi alinifunika haraka akatoka mbio, na nikazisikia kandambili zake mpaka mwisho wa korido. Baada ya hapo walikuja wengi. Wakanishika kila mahali, wakaniminya, wakanichoma sindano, wakanisukuma na kitanda kukimbilia chumba cha upasuaji. Hakuna hata mmoja aliyenisalimia, na ndiyo mara ya kwanza nilijua kwamba nahudumiwa.

Utumbo ulikuwa umetoboka karibu na pale walipokata. Tumbo zima lilikuwa limejaa uchafu. Walinisafisha, wakakata sehemu iliyooza, na mwisho mmoja wa utumbo wakautoa nje kupitia ubavuni, wakaufungia mfuko. Mfuko ule niliishi nao miezi mingi kabla hawajanirudisha ndani. Nilijifunza kuumwaga, kuuosha, kukaa nao Kizota katikati ya vumbi la mashudu ya alizeti nikiomba usifunguke mbele ya wateja. Kuna watu walihama upande wa upepo wakijifanya wanatafuta kivuli. Najua kwamba sehemu ile ingeweza kuokolewa kama mtu angeweka mkono tumboni asubuhi ya kwanza, au ya pili. Aliniambia hivyo daktari mwingine, baadaye sana, na hakunificha.

Lakini kinachonifanya niandike ni asubuhi niliyozinduka. Nilikuwa na mpira puani, mwingine ulikuwa umepita kooni wakati wa upasuaji na umenichubua, sauti haitoki kabisa. Nilipapasa ubavuni nikagusa kitu laini, chenye joto, kisicho changu, na bado sikuwa nimeambiwa ni nini. Miguuni pa kitanda alikuwapo daktari bingwa mwenyewe, mtu wa makamo, uso umemchoka. Yule kijana alikuwa nyuma yake, anatazama simu.

Bingwa alinieleza walichokikuta. Alieleza vizuri, kwa Kiswahili, taratibu. Kisha akatikisa kichwa kama mzazi aliyeletewa ripoti mbaya ya shule.

"Mama, hali ilikuwa mbaya siku zote hizi," akasema. "Kwa nini hukusema mapema?"

Nilifungua mdomo. Hakikutoka kitu, hata mkwaruzo. Nikamtafuta kijana kwa macho, na yeye akazidi kuitazama simu yake. Nikamtafuta nesi, hakuwa zamu. Mtu pekee wa kwangu mle ndani aliyejua kwamba nilisema, na lini, na kwa maneno gani, alikuwa shangazi. Nikamgeukia. Sijawahi kumwomba mtu kitu kwa macho namna ile.

Shangazi alisimama, akarekebisha mtandio, akakutanisha viganja vyake mbele ya kifua.

"Tusamehe sana, daktari," akasema. "Ni kosa letu. Hatutarudia."

Bingwa akapokea msamaha ule. Akasema basi, yameshapita, siku nyingine tuwe wawazi, sisi watu wa huku tunapenda kuficha magonjwa. Wanafunzi wakaandika. Nikamkamata shangazi mkono, nikaukaza kwa nguvu zote nilizokuwa nazo ili anyamaze. Yeye akaona namshukuru, akanibusu vidole. Akainama sikioni mwangu, akaninong'oneza kwamba daktari anangoja, nimwitikie hata kwa kichwa.

Sikuitikia. Nilimkazia macho yule mtu mpaka akageukia kitanda kingine, na shangazi akamwomba radhi kwa hilo pia.