Disko lililokufa Kibiti mjini sasa ni ukumbi wa harusi, na mama mkwe wangu ndiye aliyetaka livunjwe

Wakuu, nawasalimu kutoka Kibiti. Leo jua limetoka baada ya mvua, nguo zangu ziko kambani, watoto wako madrasa, kwa hiyo nina nafasi ya kuandika bila kuitwa.

Mimi humu ni msomaji wa kimya kimya. Nasoma nyuzi zenu za biashara, nacheka, napita. Leo nimeona na mimi nitoe langu. Sitaongeza chumvi. Aliye Kibiti akipita mtaa wa kutoka stendi kwenda sokoni atajua jengo ninalolisema, kwa hiyo nikidanganya mtaniumbua.

Na kabla hamjaanza kuniita kaka, mimi ni KE. Nimeolewa hapa mjini, kwetu asili ni visiwani huko Delta, mto unapoingia baharini.

Twende.

Biashara yangu ni shughuli. Harusi, maulidi, hitma, ukiniita nakuja na viti, maturubai, masufuria na wapishi. Nilianza kidogo kidogo mpaka jina likajulikana.

Sasa kuna siku tulikuwa na harusi huko Mtawanya. Mvua ikaja na upepo. Turubai likajaa maji katikati kama tumbo la ng'ombe, nguzo ikateleza, maji yote yakawamwagikia wanawake waliovaa sare mpya.

Pilau likageuka uji.

Bibi harusi aliondoka juu ya bodaboda, kafunikwa kiroba cha mbolea.

Mama yake yule binti hakunitukana. Alinitazama tu. Wakuu, bora angenitukana.

Narudi mjini nimeloa chapachapa, gari likapita mbele ya jengo la marehemu baba mkwe. Nikaliangalia. Nikajiambia, hivi mimi nahangaika na maturubai, na hili lina kuta?

Niwaeleze hilo jengo.

Enzi zake lilikuwa la dansi. Bendi zikitoka Dar kwenda kusini zilikuwa zinapiga hapo. Baadaye likawa disko, baadaye video, mwisho baa ya kinyonge, halafu likafungwa kabisa. Mimi nimeolewa nimelikuta hivyo. Bati limeliwa na kutu, popo ndani, mbuzi kibarazani wanakimbia jua. Ukutani kwa nje kulikuwa na mchoro wa mwanamke anacheza. Mvua imemfuta uso na miguu, kimebaki kiuno.

Lakini location, wakuu! Ukishuka basi, la Dar au la Lindi, hujatoa hata jasho umeshafika.

Na kumbi mjini zipo, sikatai, ila wanawake wa kwetu wanataka sehemu yao. Pa kufungwa, pa kuvua baibui, wacheze bila makonda kuchungulia. Hiyo ndiyo niliona haipo.

Nikamweleza mume wangu, Shamte. Akasema, "Wazo zuri. Tatizo ni Mama."

Mama mkwe wangu, humu nitamwita Bi Mwanahawa, ni kungwi. Kwa msiojua, kungwi ndiye anayemfunda mwali kabla ya ndoa na kumsimamia siku yenyewe. Kuanzia hapa mjini mpaka Mchukwi, watu wakitaka harusi ya heshima wanakwenda kwanza kukaa kwenye mkeka wake. Akisema jambo halifai, limekwisha.

Na jengo, baada ya mzee kufariki, lilibaki mikononi mwake na wanawe wawili: mume wangu, na kaka yake anayeishi Dar, shemeji Bakari.

Kumbe wakati mimi naota ukumbi, shemeji Bakari ameshapata mteja. Mtu wa malori. Anataka kununua, avunje, aweke yadi.

Tukaitana nyumbani kwa Mama. Yeye alikuwa anasuka ukili wa mkeka, hainui hata kichwa. Shemeji akamaliza maelezo yake, mimi nikaeleza yangu. Nilijitahidi, nikachora mpaka na kwenye karatasi, jiko hapa, viti hapa.

Mama akasema, "Livunjwe. Hata leo."

Shemeji akatabasamu.

Nikapiga magoti. "Mama, naomba unipe nafasi. Nikishindwa, auziwe huyo mtu."

Ndiyo akainua kichwa. "Wewe mtoto, unajua pale palikuwa pana nini?"

"Najua palikuwa na dansi, Mama."

"Hujui." Akarudi kwenye ukili wake.

Shamte akanitetea. Walibishana na kaka yake mpaka wakakubaliana hivi: Ramadhani ilikuwa inakaribia, mteja angekuja kulipia baada ya Idi. Mpaka hapo nionyeshe jengo linafaa. La sivyo, linavunjwa.

Mama alisema neno moja tu tulipokuwa tunaaga. "Mie mlango ule siingii. Na mwali wangu haingii."

Wenye akili mmeelewa. Kungwi akisema mwali wake haingii, mimi ukumbi wa harusi nautengeneza wa nani? Wa mbuzi?

Nyumbani Shamte akanifungulia moyo. Akaniambia baba yake alikuwa ndiye mwenye ukumbi na ndiye mpiga gitaa. Ijumaa akitoka, kurudi ni Jumapili. Mwisho akamuoa mwimbaji wa bendi na kuhamia naye mtaa wa pili. Mama alilea watoto peke yake, kwa kufunda wali wa watu na kuwapeleka kwenye ndoa zao.

"Hajawahi kukanyaga mle hata siku moja," akaniambia. "Akienda sokoni anazunguka mtaa wa nyuma."

Wakuu, mimi nilidhani napambana na ubishi wa mama mkwe. Kumbe ni kidonda.

Nikafikiria kuacha. Halafu nikawaza, likija kuwa yadi, atakuwa anasikia malori yanaunguruma palepale. Hiyo ndiyo itampoza? Nikaamua naingia kazini.

Popo kwanza. Asikudanganye mtu, popo si wanyama wa kufukuza kwa ufagio. Tulifungua madirisha yote, tukaondoa bati zilizooza, mwanga ukaingia, wakahama wenyewe. Kinyesi walichoacha tulikitoa kwa toroli, wenye bustani wakakigombania kama sukari.

Kisha kenchi za kubeba paa, bati mpya, umeme. Fundi wangu ni mtu wa hapahapa, mtaratibu, akipiga msumari mmoja anaufikiria kwanza. Tukaingia Ramadhani tunafanya kazi tumefunga. Yule mwanamke wa ukutani nilimpaka rangi mimi mwenyewe. Nilianza na kiuno.

Mtaani maneno hayakosekani. Wauza vocha wananiita "Mama Disko". Wengine wakasema mle kuna mashetani ya bendi, usiku yanapiga gitaa. Nacheka, lakini moyoni linaingia.

Ikaja mvua kubwa. Katikati ya mfungo, mchana kweupe, nikapigiwa simu nikimbie.

Ukuta wa nyuma umeanguka.

Haukupata mtu, alhamdulillahi. Lakini lilikuwa shimo la kupitisha trekta. Tofali za zamani zilikuwa zimekunywa maji miaka yote, zikachoka. Watu wamejaa, simu juu, wanapiga picha. Mmoja akasema kwa sauti nisikie, "Jengo limekataa, nyie mnalazimisha."

Mtaji wangu wote ulikuwa ndani ya lile jengo. Nikakaa juu ya kifusi, nikalia. Sikuona aibu. Nililia kama mtoto.

Nainua macho, namuona Mama.

Amesimama mtaa wa nyuma, mwavuli mkononi, kikapu cha sokoni begani. Ni njia yake ya kila siku, ile ya kukwepa. Sasa ukuta haupo, na ukumbi wote uko wazi mbele yake.

Nikajua amekuja kuona mwisho wangu. Nikafuta machozi nimpokee kwa adabu. "Shikamoo Mama."

"Marahaba." Hanitazami mimi. Anatazama ndani. Sakafu, dari, jukwaa kule mbele.

Akatazama muda mrefu.

Kisha akasema, kama anajisemea, "Kumbe padogo hivi?"

Nikasogea pembeni apate kuona.

"Miaka yote mie nadhani ni mahali pakubwa," akasema. "Kumbe padogo tu."

Akafunga mwavuli. Akakanyaga kifusi kwa uangalifu, nikamshika mkono, akaingia. Akageuka akaniambia kwa ukali kabisa, "Nilisema siingii mlango ule. Huu si mlango."

"Ndiyo, Mama."

Wakuu, aliyekuja baada ya hapo si mama mkwe, ni mkandarasi. Alizunguka na kikapu chake begani anatoa makosa.

"Mlango wa mbele unatazama stendi. Mwali utampitisha mbele ya makonda, akili zako ziko wapi? Hapa palipoanguka ndipo pa mlango wa wanawake."

"Na wenye watoto wachanga wananyonyeshea wapi? Na watu wa kusali? Jiko umeliweka upande wa upepo, moshi wote utaingia kwenye macho ya wageni."

Fundi yule wa taratibu alikuwa anakimbia na futi kamba. Sijawahi kumuona akikimbia.

Nikamwonyesha jukwaa. Nikamwambia Mama, hili tulipanga kulibomoa, sikutaka likuumize.

Akaligusa kwa kiganja.

"Ukilibomoa, bibi harusi atakaa wapi? Chini? Liacheni. Mwaka huu walikalie wanawake."

Nililia tena, safari hii kwa furaha.

Tangu siku ile alikuwa anakuja kila asubuhi kabla jua halijawa kali. Na wali wake wa zamani wakaanza kufuata, wanawake watu wazima sasa, mmoja na ndoo, mwingine na fagio. Mabinti wa mtaani wakapaka rangi. Wale wauza vocha wakabeba tofali bila kuambiwa, maana kila mama aliyekuwa mle ndani alikuwa mama wa mmoja wao.

Idi ikaja, ikapita.

Shemeji Bakari akashuka kutoka Dar na mteja wake, gari safi, miwani. Walikuta wanawake wamejaa ndani wanapiga deki, rangi mbichi, Mama amekaa kwenye kiti katikati ya sakafu anaelekeza kwa kidole.

Mteja akaanza kupima kwa macho. Mama akamkaribisha vizuri, akampa maji ya kunywa, akamwambia, "Baba, umechoka na safari. Kunywa maji, kisha urudi salama. Hapauzwi."

Shemeji akapaliwa. "Mama, wewe mwenyewe ulisema livunjwe!"

"Nilisema," Mama akajibu. "Ukuta umevunjika. Umetosha."

Mle ndani kikapigwa kigelegele cha kwanza katika maisha mapya ya lile jengo. Mteja alikunywa maji yake akaondoka, na kusema kweli alikuwa mstaarabu, alitupongeza. Shemeji alinuna mpaka jioni, kisha akala pilau la Idi lililobaki kwenye friji, yakaisha.

Harusi ya kwanza ilikuwa ya binti kutoka kwetu Delta. Ndugu zake walikuja kwa boti mpaka Nyamisati, kisha kwa magari. Anga toka asubuhi jeusi. Mimi nakumbuka Mtawanya.

Mvua ilishuka wakati mwali anaingia. Wakuu, ilishuka! Bati likalia mpaka hatusikilizani. Nikasimama katikati ya ukumbi natazama dari, nangoja tone.

Halikudondoka hata moja.

Ngoma zikapanda kuishinda mvua. Wanawake wamevua mabaibui, wanazunguka, watoto wanateleza sakafuni, bibi harusi juu ya jukwaa anacheka mpaka wanja unamtoka. Mwali yule alisimamiwa na Bi Mwanahawa mwenyewe.

Halafu nikamuona Mama anafunga kanga kiunoni. Akaingia katikati. Watu wakampisha.

Mwanamke yule alicheza. Alicheza sakafu nzima, kona mpaka kona, mbele ya jukwaa akageuka kwa madaha, vigelegele vikapasua masikio. Shamte alikuwa nje na wanaume wenzake kibarazani. Aliposikia jina la mama yake linashangiliwa mle ndani, aliinamisha kichwa na kujifuta macho. Mpaka leo anasema ilikuwa mvua.

Sasa hivi Jumamosi hatupumui. Mtaa nao umeamka: jirani mshonaji ameongeza cherehani, wapaka hina wamekodi fremu, mama lishe wa mkabala anafunga kwa kuchelewa kila wikiendi. Sheikh wa mtaa ametufanyia dua na mke wake amefanyia maulidi humohumo.

Shemeji Bakari alipiga simu majuzi, anataka ukumbi kwa ajili ya binti yake. Nikamwambia hilo analishika Mama. Mama akachukua simu, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Hongera mwanangu. Pana foleni."

Nilichojifunza? Mimi nilienda na michoro kumshawishi mtu ambaye hakuwa na shida na michoro. Ningemuuliza mapema angetaka mahali paweje, pengine ningeokoa machozi mengi. Na majengo yenye sifa mbaya msiyaogope. Kagueni tu ukuta wa nyuma kabla ya kupaka rangi wa mbele, hilo nimelipia darasa.

Haya, uwanja wenu. Mtaani kwako kuna jengo gani limekufa ambalo kila siku unalipita? Na wenye uzoefu wa sauti ndani ya ukumbi wa bati, nisaidieni: mvua ikinyesha MC hasikiki, nifanyeje? Mama anasema MC ndiye anyamaze, lakini nataka na maoni yenu.