Vita vya Ndugu Dukani kwa Papa Ramesh

Nilikuwa nashona sare za shule kwenye baraza ya duka la Papa Ramesh, Mhindi aliyezaliwa pale pale Kivu. Wateja walikuwa wachache, naye akawa anatusimulia, mimi na binti yangu Neema, hadithi ya kale ya kwao: ukoo mmoja uliogawanyika ukapigania ufalme. Alifika kwenye sehemu ambapo shujaa alitazama jeshi la adui akawaona wajomba, walimu na binamu zake. Upinde ukamponyoka.

"Akarudi nyumbani?" Neema akauliza.

"Hapana, mwanangu. Walimshawishi, akapigana."

Adhuhuri ya kesho yake waasi waliingia mjini. Papa Ramesh akatuficha nyuma ya majora ya vitambaa. Yeye alibaki kwenye kaunta, maana duka lisilo na mtu lingewatia shaka.

Mlango ukavunjwa.

Risasi moja.

Kisha majora yakasogezwa.

Alikuwa Fostini, mtoto wa mama yangu mdogo. Utotoni tulilala kitanda kimoja. Alikuwa peke yake, na bunduki yake ilinuka baruti. Tulitazamana. Akaishusha.

"Dada, pitia nyuma. Usikimbie, tembea."

"Papa Ramesh je?"

"Usimwangalie."

Nilimwangalia. Neema nilimfunika uso kwa kitenge, nikatembea.

Sasa tunaishi Hopkins, huku Marekani. Majira ya baridi yaliyopita mama yangu alipiga simu kutoka kambi ya wakimbizi: Fostini ameuawa vitani. Nilikuwa nimetoka kazini, bado nimevaa koti. Neema, mtu mzima sasa, akaniuliza kwa Kiingereza kama nina huzuni. Nikamwambia kwamba aliyetuokoa amekufa, na aliyemuua Papa Ramesh amekufa, na ni mtu mmoja.

 Halafu akaniuliza kwa Kiswahili, "Sasa tunamlilia nani, mama?"

 Nilikuwa nimechoka, hata kulia sikuweza.

Mama aliomba Fostini aombewe kanisani. Jumapili nilimpa mchungaji majina mawili. Akauliza yupi ni wa ukoo wetu. Nikamwambia ni Fostini, na kwamba yule mwingine alikufa kwa mkono wake.

Mchungaji akayasoma yote mawili. Watu wakaitikia amina. Mimi nikakaa chini, kwa sababu miguu ilikuwa inaniuma.