Mfalme Aliyeomba Mahali pa Mguu Mmoja

Ndugu yangu, wiki jana binti yangu alirudi kutoka shule na kitabu nilichodhani kilipotea pamoja na utoto wangu. Sasa kina jalada, lakini mfalme mwovu ni yule yule, na mguu wake ule ule wa kijani. Nilikisoma chote nikiwa nimesimama jikoni, hapa Milimani, hadi chai ikapoa.

Sisi tulikisomea ziwani, upande wa Kombewa. Mwalimu alituazima nakala moja isiyo na jalada, nami nikawa msomaji huku binamu zangu wakifukuza ndege waliovamia omena za nyanya yetu, dagaa wadogo walioanikwa juu ya nyavu kuukuu. Mchanga ulituchoma nyayo, harufu ya omena ikaingia hadi kwenye nywele, na hakuna aliyelalamika. Tulitaka kujua mfalme atafanya nini.

Mjanja yule hakuwa na jeshi. Alipita nyumba kwa nyumba, kofia mkononi, akiomba mahali pa kuweka mguu mmoja tu apumzike. Nani angemnyima? Lakini kila alipolala unyayo wake ulikua, na ardhi yote uliyoifunika ikawa yake. Alitaka kulifikia ziwa, ili hata mwenye kiu ampigie magoti. Tuliwacheka sana wale wajinga waliompa.

Kisha tukaigiza. Mimi mwenye miguu mikubwa nikawa mfalme. Binamu zangu wote walinipa nafasi. Nilipomwendea nyanya, akanichapa kifundoni kwa ufagio.

"Nyakwara, mjukuu wangu, toa hiyo mguu yako hapa! Hata kidole huweki."

Kitabuni pia kuna bibi mmoja aliyekataa, na mpango mzima ukaharibika. Lakini siku ile nilinuna. Nyanya alikuwa ameniharibia mchezo.

Miaka kadhaa baada ya kumzika, alinijia bwana mmoja mpole, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Hakutaka shamba alilotuachia nyanya, alisema. Aliomba tu mahali pa kusimamisha nguzo moja ya gati la mashua zake. Wajukuu tulikuwa watano, na wa kwanza kutia saini nilikuwa mimi, tena nikitabasamu. Nguzo ikahitaji njia, njia ikahitaji lango, lango likahitaji ukuta, na kila mara tulitia saini. Tabasamu lile nalichukia mpaka leo.

Jumamosi nilimpeleka binti yangu akaone tulikoanika omena. Hakuna nyavu, hakuna ndege, hata harufu yenyewe imeondoka. Kuna ukuta mrefu na lango jeusi lililoachwa wazi kidogo. Nikasogea nichungulie maji. Mlinzi akatazama kiatu changu kilichovuka kizingiti.

"Mzee, toa hiyo mguu hapa."

Binti yangu akacheka, akidhani tunaigiza kitabu chake. Nikautoa.