Wageni Watatu Wasiokunywa Chai

Nilipowaandalia chai watu wasiokuwepo nilikuwa na miaka sabini na minne, na akili zangu zilikuwa timamu. Nalisema hili mapema kwa sababu kuna wiki ambazo ni mimi peke yangu niliyeliamini.

Ilikuwa saa nne asubuhi, nyumbani kwangu Kibomet, hapa Kitale. Nilikuwa barazani nikichambua maharagwe kwa vidole, maana macho yalikuwa yamefifia na sikuweza tena kutofautisha punje na changarawe. Nilipoingia sebuleni nikawakuta wanawake watatu wameketi kwenye kochi refu, magauni ya kijani, vitambaa vyeupe kichwani, mikono mapajani, kama akina mama wa kanisa waliokuja kutoa rambirambi. Sikuwatambua. Nikawaambia “Mulembe”, kama tunavyosalimiana sisi watu wa Bungoma. Hawakujibu. Nikadhani wametoka mbali na wamechoka, au wana habari ya msiba na hawajui waanzie wapi. Kwetu mgeni haulizwi shida yake kabla hajanywa chai. Basi nikaenda jikoni, nikabandika maziwa, nikatia majani na tangawizi, nikarudi na vikombe vitatu kwenye sinia.

Mjukuu wangu, anayesoma chuo kikuu kule Kibabii, alikuwa amekuja likizo. Alitoka chumbani akanikuta nimeinama, namsogezea mgeni wa katikati kikombe.

“Kukhu, hiyo chai ni ya nani?” Kukhu ndiyo nyanya kwa lugha yetu.

“Ya wageni. Salimia watu.”

Alitazama kochi. “Watu gani?”

Niligeuka nimkemee kwa kukosa adabu, na nilipotazama kochi tena, lilikuwa tupu. Vikombe vilikuwa vinatoa mvuke.

“Si umesinzia tu, Kukhu,” akasema, akinishika bega. “Umeota ukiwa umesimama.”

“Mtu huota huku akipima majani ya chai?”

“Kuna watu hutembea usingizini. Ati hata kupika wanapika.”

“Na hiyo chai, imepikwa vibaya?”

Akaonja. “Imekosa sukari.”

“Sukari ni ya mgeni kujiwekea,” nikamwambia. Tukacheka, tukanywa chai ya wageni, sisi wawili. Lakini jioni nilimsikia akiongea na baba yake kwenye simu kwa sauti ya chini, na Jumamosi iliyofuata mwanangu akafika kutoka Bungoma, ambako ameajiriwa na serikali.

Yeye ni mtoto wangu wa kwanza, na ni mtu mpole. Alikula, akashukuru, akanyoosha miguu, ndipo akasema.

“Mama, mwezi ujao familia tunakutana kwangu. Nataka tukubaliane uhamie Bungoma. Hii nyumba tuifunge.”

“Nimefanya nini?”

“Hujafanya kitu. Lakini mtu anayepikia hewa chai, kesho atasahau gesi ikiwa wazi.”

“Kwa hivyo nifungiwe kama kuku.”

“Utunzwe, Mama. Si kufungiwa.”

Sikumkasirikia. Kama ningekuwa yeye, ningesema vilevile. Ila nyumba hii niliijenga na marehemu mume wangu, na ndani yake nimeomba kila asubuhi kwa zaidi ya miaka arobaini. Zaidi ya hapo, nilijua kwamba siku nitakapoondoka hapa kwa sababu ya akili, hakuna neno langu litakaloaminiwa tena, hata nikisema kumekucha.

Habari zikamfikia wifi yangu. Akanipigia simu akiwa na uhakika wote. “Hao ni watu wetu waliotangulia. Wanataka jina. Yule mtoto wa mwisho kuzaliwa katika ukoo mlimpa jina la nani?” Kweli, kwetu aliyekufa huweza kuja ndotoni kuomba mtoto aitwe kwa jina lake, na wazee wengi hulichukua jambo hilo kwa uzito.

“Anayetaka jina hulitaja jina,” nikamjibu. “Hawa hata salamu hawaitikii.”

“Labda wamekukasirikia.”

“Basi wasingekuwa wananitembelea.”

Maana walirudi. Siku nyingine wakiwa wawili, siku nyingine watano, mara moja kundi zima limesimama shambani kati ya mahindi, mchana mweupe. Nikaanza kuogopa, wala si wao niliowaogopa. Nilimwogopa yule mjukuu wangu aliyeketi mbele yangu akimenya viazi. Kama jicho langu liliweza kuwaleta watu wazima watatu na vitambaa vyao, nitajuaje kwamba na huyu halijamleta lenyewe? Nilimwuliza.

“Kukhu, hayo ndiyo maswali tunayopewa darasani,” akasema. “Mwalimu alituuliza tutajuaje kama hatuoti sasa hivi. Tulibishana masaa mawili.”

“Mkaamua nini?”

“Kengele ikalia tukaenda kula.”

“Wengine wanajifinya,” nikasema.

“Jifinye basi.”

“Nimewahi kujifinya ndotoni, nikaumia.”

Akaacha kumenya. Nadhani ni hapo alipoanza kuniamini.

Nimefundisha darasa la ubatizo miaka mingi, na kila mwaka kuna mwanafunzi anayemcheka yule mfuasi aliyekataa kusadiki mpaka aguse makovu. Huwa nawaambia watazame jambo moja: Bwana hakumfukuza. Alimnyooshea mikono. Basi nikapiga magoti, na sikuomba wageni waondoke. Niliomba nijue ukweli, uwe mchungu au mtamu, na nipewe subira ya kuutafuta. Kisha nikainuka kuutafuta.

Walipokuja tena niliwanusa. Watu watatu waliotoka safari lazima wanuke kitu, sabuni au jasho au moshi. Hakuna. Nilifumba macho, wakatoweka, nilipofumbua, wapo. Hilo lilinipa moyo, kwa sababu ndoto haijali kope zako zimefanya nini. Aliyelala amekwisha kufumba macho na bado anaona. Kwa hivyo kilichokuwa kinanisumbua hakikuwa ndoto. Halafu nikamwomba radhi yule wa pembeni, nikaketi juu yake. Nililikuta kochi, na waya wake uliochomoza siku nyingi ukanichoma palepale unaponichoma kila siku.

“Kukhu, unafanya nini?” mjukuu akauliza kutoka mlangoni.

“Namkalia mgeni.”

“Anasemaje?”

“Mvumilivu sana huyu.”

Wawili waliobaki walikuwa bado upande wangu wa kushoto. Nikamgeukia wa karibu, nikamtazama kama mtu anayetazama kitambaa dukani. Upindo wa gauni lake ulikuwa umeshonwa kwa uzi mweupe, na niliuona uzi ule mshono kwa mshono, tena sehemu moja fundi alikuwa amekosea akarudia. Nikaitazama blauzi yangu mwenyewe. Sikuona vifungo. Nilikuwa nakiona kifua changu kama kitu kilicho nyuma ya pazia la bafu.

Hapo ndipo furaha iliponishika, nikiwa peke yangu kwenye kochi lililojaa. Kama macho yangu yalishindwa kuona kifungo kilicho shingoni mwangu, yangewezaje kuona uzi wa upindo wa mtu mwingine? Picha ile haikupitia machoni. Ilitengenezwa ndani, na aliyeitengeneza aliifanya nzuri kuliko uwezo wa macho yangu. Uongo wao ulionekana kwa usafi wao. Na mjukuu wangu pale mlangoni, alikuwa ukungu mtupu wenye sauti. Nikajua ni wa kweli.

“Nipeleke kwa daktari wa macho,” nikamwambia. “Si wa akili. Wa macho.”

Tulienda Bungoma kabla ya siku ya mkutano wa familia. Daktari, kijana mwenye mikono ya baridi, alinimulika jicho moja baada ya jingine. Nikamweleza yote, pamoja na chai. Hakucheka.

“Macho yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho,” akasema. “Ubongo umekosa picha, kwa hivyo unajichorea zake. Hii hali inajulikana, Mama. Wanaoipata wengi hawasemi, wanaogopa kuitwa wazimu.”

“Kwa hivyo kichwa changu ni kizima?”

“Umeniletea jibu kabla sijakuuliza swali. Kichwa hicho hakina shida.”

Niliinamisha kichwa hicho palepale kwenye kiti chake nikamshukuru Mungu, na daktari akanisubiri mpaka amina.

Jicho la kwanza lilipasuliwa wiki hiyohiyo. Siku mbili baada ya kuondolewa bandeji niliingia sebuleni kwa mwanangu, watoto wangu wote na wifi yangu wamekaa, na yeye amesimama tayari kufungua mkutano. Nilisimama mbele yake nikamtazama muda mrefu hata akaona haya.

“Mama, kuna nini?”

“Una mvi,” nikamwambia. “Nani alikupa mvi?”

Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Akajishika kichwa. “Nimekuwa nazo miaka sita, Mama.”

Miaka sita. Nilikuwa nikimpikia kijana mwenye nywele nyeusi ambaye hayupo, na hakuna aliyeitisha mkutano juu ya hilo. Niliwaambia hivyo. Niliwaeleza pia juu ya uzi mweupe na vifungo vya blauzi, na mjukuu wangu akawasomea barua ya daktari. Wifi yangu akaguna kwamba hata hivyo jina lingefaa kufikiriwa.

Mwanangu aliikunja barua akairudisha kwenye bahasha. “Tulisema unaona vitu,” akasema. “Kumbe wewe ndiye ulikuwa unachunguza, sisi tumekaa tu. Nisamehe. Nitakurudisha kwako kesho.”

Kuna watu huniuliza kanisani kama sasa naweza kuwa na hakika kwamba siko ndotoni. Nawajibu kwamba macho ni mashahidi, na shahidi mmoja anaweza kukosea bila kuwa mwovu, ndiyo maana Mungu alinipa na pua, na vidole, na mjukuu wa kubishana naye. Sina haja ya hakika kubwa kuliko hiyo. Sikuumbwa na mwenye kunicheza shere.

Kesho yake tulifika Kibomet kabla ya adhuhuri. Mwanangu alibeba mfuko wangu, akafungua mlango, nami nikaingia kwanza. Nilisimama katikati ya nyumba yangu nikainua uso. Dari lote lilikuwa na utando wa buibui, pembe hadi pembe, mzito kama pamba, na ukuta wa jikoni ulikuwa mweusi kwa masizi ambayo sikujua yapo.

“Ni uchafu huu nimekuwa nikiishi nao?” nikauliza.

“Hatukutaka kukuambia,” mwanangu akasema.

“Vua koti,” nikamwambia. “Ufagio mrefu uko nyuma ya mlango. Anza kona ile, nakuona.”